Bahasha ikisema 'kila saa 8', wewe unaelewa nini?

Fungua droo au mkoba unaowekea dawa nyumbani, utoe bahasha moja ya zile ndogo za duka la dawa. Huenda imeandikwa kwa kalamu "1x3". Au "2x2". Au, kama aliyekuhudumia alikuwa na nafasi kidogo, "kutwa mara 3". Sasa mpe mtu mwingine hapo nyumbani, bila kumsaidia, akuambie dawa hiyo inatakiwa kumezwa vipi.

Mimi huwauliza wagonjwa swali hili kila wiki, na majibu hayafanani. Wengi husema kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, na ndivyo mwandishi alivyokusudia. Lakini wapo wanaosema vidonge vitatu kwa mpigo. Wapo wanaosema kidonge kimoja kwa siku tatu. Hawa si watu wasiojua kusoma, baadhi yao ni walimu. Tatizo ni kwamba "1x3" si sentensi. Haisemi umeze, haisemi lini, haisemi kwa siku ngapi. Shuleni tulifundishwa kuwa moja mara tatu ni tatu, basi mtu akimeza vitatu utamlaumu kwa lipi?

"Kutwa" nayo ina yake. Kwa Mswahili kuna mchana kutwa na usiku kucha. Kutwa ni tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Mama akiambiwa ampe mtoto dawa kutwa mara tatu, atampa saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni, kisha mtoto atalala mpaka kesho yake bila dawa. Kwa dawa ya kutuliza maumivu hilo si jambo kubwa. Kwa dawa ya kuua bakteria, ambayo inatakiwa iwepo kwenye damu kwa kiwango cha kutosha usiku na mchana, pengo hilo linawapa bakteria nafasi ya kuvuta pumzi.

Basi watu wengine, kwa nia njema kabisa, huamua kuandika kwa usahihi zaidi: "kila saa 8". Hapa ndipo mambo huharibika.

Baba mmoja alimleta binti yake wa miaka mitatu akiwa na homa kali na sikio linalotoa usaha. Siku sita kabla ya hapo mtoto alikuwa amepewa dawa ya maji ya kuua bakteria, na chupa bado ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Nikamuuliza baba kwa nini dawa haijaisha. Akaishika chupa kwa utulivu, akanionyesha maandishi: "5ml kila saa 8." Akasema, "Dokta, sijakosa hata siku moja. Kila siku ikifika saa nane mchana naomba ruhusa kazini, naenda nyumbani kumpa."

Mzazi huyu alitii maandishi kama yalivyo. Mtoto alipata dozi moja kwa siku badala ya tatu. Ilibidi tuanze upya, na kwa siku kadhaa hatukuwa na uhakika kama kusikia kwake hakujaathirika. Namshukuru Mungu alipona.

Lugha yetu ina saa ya ukutani na saa ya muda, na zote mbili zinaitwa saa. Walimu wa Kiswahili hutusahihisha tunaposema "masaa", wakisema wingi wa saa ni saa. Waniwie radhi, lakini kwenye bahasha ya dawa mimi niko upande wa watu wa mtaani. Mama anayesema "masaa manane" anajua kabisa anazungumzia muda, wala si saa nane mchana. Amejitengenezea tofauti ambayo sarufi haikumpa. Kama hutaki "masaa", njia iliyo salama zaidi ni kutaja nyakati zenyewe: "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku". Hapo hakuna wa kubishana.

Shida ya saa haiishii kwenye dawa. Kadi ya miadi ikiandikwa "8:00", kuna mgonjwa atakayefika saa nane mchana akute mlango umefungwa. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa kwa maandishi aje "8:00" bila kula ili apimwe sukari, naye akaelewa ni saa nane, atakaa na njaa tangu jana usiku mpaka alasiri. Kama ni mtu anayechoma insulini, sukari inaweza kushuka akaanguka njiani. Ilitosha kuandika "saa 2 asubuhi".

Chukua mfano wa dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2006. Dozi yake ni sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hutolewa baada ya muda wa saa nane tangu ile ya kwanza. Mtoto akimeza ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Kisha kesho yake saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na siku ya tatu vivyo hivyo. Mama atakayesoma "saa 8" kama saa nane mchana atampa dozi ya pili mapema mno. Na atakayeona mtoto anacheza siku ya pili, asiambiwe wazi kuwa bado kuna dozi mbili, ataweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo. Malaria inayorudi baada ya wiki mbili huanzia hapo mara nyingi.

Kwa haki kabisa, pakiti za dawa hiyo ni miongoni mwa maandishi ya afya yaliyotengenezwa kwa akili. Zina rangi tofauti kulingana na uzito wa mgonjwa. Vidonge vimepangwa kwa siku na kwa dozi. Nyingi zina picha za kuonyesha asubuhi na usiku. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kuifuata akielekezwa mara moja. Aliyeibuni alijiuliza swali moja ambalo sisi wengi hatujiulizi: huyu atakayeishika hii pakiti saa 4 usiku, taa imezimika na mtoto analia, atafanya nini?

Kuna utafiti wa Marekani ninaoupenda kuwasimulia madaktari wanafunzi. Ulichapishwa mwaka 2006, ukihusisha wagonjwa 395 katika kliniki za majimbo matatu. Waliulizwa kuhusu maandishi ya kawaida ya chupa ya dawa, likiwemo agizo la kumeza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 waliweza kulisema agizo hilo kwa usahihi. Lakini walipoombwa kuhesabu vidonge vya siku nzima na kuvionyesha, ni asilimia 35 tu waliopata. Walisoma sawasawa, wakashindwa kutenda. Ndiyo maana muuguzi akikuuliza "umeelewa?" nawe ukajibu "ndiyo", hakuna kilichothibitishwa. Sisi Waafrika pia tuna adabu zetu. Nani atamwambia daktari "sijaelewa" mbele ya foleni?

Majibu ya vipimo yana mtego wake. Tumezoea kuandika "hasi" na "chanya". Lakini katika mazungumzo ya kila siku, chanya ni kitu kizuri: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Hasi ni kibaya. Bibi mmoja aliyepimwa kifua kikuu alikaa mbele yangu akilia kimyakimya kwa sababu karatasi ilisema "hasi". Nikamwambia, "Bibi, hasi maana yake hawakuona wadudu wa kifua kikuu kwenye makohozi yako." Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, sasa si wangeandika hivyo?" Sikuwa na jibu la kumpa. Karatasi ile ilikuwa na nafasi tupu ya kutosha.

Neno "usugu" nalo linapotosha. Matangazo yanasema "usugu wa dawa", na watu wengi wanaelewa kuwa mwili wao ndio uliozoea dawa. Kwa hiyo wanadhani dawa ni bora ziachwe mapema ili mwili usizizoee. Kumbe wanaokuwa sugu ni vijidudu, na vijidudu hivyo vinaweza kuhamia kwa jirani ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo maishani mwake. Ukisema "vijidudu vimejifunza kuishinda dawa", mtu anakuelewa palepale, na anaelewa pia kwa nini lazima atumie dawa kama alivyoandikiwa.

Kwa wazazi, eneo la hatari zaidi ni dawa za maji. "Kijiko kimoja" ni kijiko gani? Kijiko cha dawa, ambacho kwa Kiingereza huhesabiwa kama cha chai, ni mililita 5. Kijiko cha chakula ni mililita 15, yaani mara tatu yake. Vijiko vya jikoni kwako havifanani hata chenyewe kwa chenyewe. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko kwamba dawa za maji za watoto ziandikwe kwa mililita peke yake, vijiko viachwe kabisa. Nakubaliana nao. Omba kipimo: kifuniko chenye mistari, au bomba la sindano lisilo na sindano. Bomba ndilo sahihi zaidi kwa mtoto mchanga, na mfamasia anaweza kukuwekea alama ya kalamu mahali pa kuishia.

Hata mililita zina sharti lake. Paracetamol ya maji inayopatikana sana kwetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Lakini ipo ya matone, kwa ajili ya wachanga, yenye miligramu 100 katika kila mililita 1. Mzazi aliyezoea kumpa mtoto mililita 5 za ile ya kwanza, akinunua ya matone na kuendelea na mililita 5 zilezile, atakuwa amempa miligramu 500, zaidi ya mara nne ya alichokusudia. Paracetamol ikizidi sana huharibu ini. Maandishi ya tofauti hii yapo kwenye chupa, ila yamewekwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, huku mbele kukiwa na picha ya mtoto anayecheka.

Na pakiti za chumvichumvi za kuharisha, ile ORS tunayoijua wote, huandikwa "changanya katika lita moja ya maji safi". Lita moja nyumbani ni kiasi gani? Ni chupa mbili za maji za nusu lita. Si kikombe, si jagi la kukadiria. Ikiwa nzito mno chumvi humzidi mtoto, na ikiwa nyepesi mno haimsaidii. Angalia pakiti kwanza, maana zipo pia za nusu lita. Ikishapita siku moja, yaani saa ileile ya kesho yake, mwaga iliyobaki utengeneze nyingine.

Wasomaji huniuliza kwa nini madaktari tunaandika hivi. Sababu ya kwanza ni mafunzo. Tulifundishwa kwa Kiingereza, na vifupisho vingine tunavyotumia hata si Kiingereza, ni Kilatini. "TDS" unayoiona kwenye karatasi ya daktari ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya kumezwa mara tatu kwa siku. Ni lugha ya daktari kwa mfamasia, na hapo haina kosa. Kosa ni kuiacha ivuke dirisha la dawa na kwenda nyumbani na mgonjwa. Sababu ya pili ni foleni. Sababu ya tatu hatupendi kuisema: maneno magumu yanatupa hadhi. Mtu akitoka kwako na neno ambalo hawezi kulitamka, anaamini amemwona bingwa.

Wapo watakaosema tutumie Kiswahili na tatizo litakwisha. Ni hatua, na nchi imeipiga hata mahakamani, ambako mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Lakini Kiswahili nacho kinaweza kuwa ukuta. Soma tangazo hili, la aina ambayo sote tumeiona kwenye milango ya hospitali: "Wateja wote wanufaika wa huduma za bima wanaelekezwa kuzingatia utaratibu wa kuwasilisha vielelezo vya utambulisho wa uanachama kwa ajili ya uhakiki kabla ya kupatiwa huduma stahiki." Kila neno ni la Kiswahili. Mama mwenye mtoto mgongoni amesimama mbele yake mara tatu, kisha ameuliza mlinzi. Mlinzi akamwambia: "Onyesha kadi ya bima dirisha namba 2 kwanza, ndiyo uende kwa daktari." Mlinzi ndiye aliyestahili kuandika tangazo.

Fomu ya ridhaa ya upasuaji ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Watu wanaitia saini wakiwa na maumivu, wakati mwingine machela imeshaanza kusogea. Inazungumzia "athari zinazoweza kujitokeza kutokana na taratibu za kitabibu". Mama anayekwenda kujifungua kwa upasuaji anahitaji kusoma, au kusomewa, kwamba atachomwa sindano ya ganzi mgongoni, atakuwa macho lakini hatasikia maumivu, atapoteza damu na huenda akaongezewa, na mimba ijayo atalazimika kujifungulia hospitali. Huniambia wanasheria kwamba lugha nyepesi haina uzito kisheria. Afrika Kusini wanaonekana kufikiri tofauti: sheria yao ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 inampa mtu haki ya kupewa taarifa kwa lugha ya wazi anayoweza kuielewa.

Mambo haya yalipiganiwa na watu wa kawaida. Uingereza, mwaka 1979, mama mmoja wa Liverpool anayeitwa Chrissie Maher alikwenda na wenzake mbele ya Bunge mjini London wakachanachana fomu za serikali hadharani, kwa sababu zilikuwa hazieleweki kwa watu maskini waliotakiwa kuzijaza. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa tayari kijana. Kundi lake lilianza kutoa zawadi kwa maandishi yaliyo wazi, na zawadi ya aibu kwa yaliyo hovyo. Baadaye wakaanzisha alama ambayo hati iliyo wazi inaruhusiwa kuibeba. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka ofisi za serikali kuu ziandike kwa lugha nyepesi. Mwaka 2018 vyuo vya kitaaluma vya madaktari wa Uingereza viliwahimiza madaktari waache kuandika barua kwa daktari mwenzao na nakala kwa mgonjwa, bali wamwandikie mgonjwa mwenyewe. Unapomwandikia mtu "miguu yako yote miwili imevimba", huwezi tena kujificha nyuma ya Kilatini.

Sisi tunajua sana kulalamika kuhusu hospitali, na mara nyingi tuna haki. Lakini nadhani hatusifu vya kutosha. Kuna mfamasia mmoja niliyefanya naye kazi ambaye bahasha zake nilizitambua kwa mbali. Alichora jua likichomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro akaweka vitone kulingana na idadi ya vidonge. Chini kabisa aliandika dawa ni ya nini, "ya presha" au "ya kifua", na tarehe ya kuimaliza. Wazee waliokuwa wakimeza dawa nne au tano kwa pamoja walikuwa wakimtafuta kwa jina. Hakuna aliyempa cheti. Ukikutana na bahasha au tangazo la namna hiyo, mwambie aliyeliandika, au andika kwenye sanduku la maoni. Masanduku yale hayakuwekwa kwa ajili ya malalamiko peke yake.

Ukiwa dirishani kuchukua dawa, usiondoke kabla ya kujua mambo manne: dawa hii ni ya nini, nimeze kiasi gani kwa mara moja, nimeze saa ngapi za ukutani, na mwisho ni tarehe gani. Kisha rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo leo nikifika nyumbani saa 10 nampa hii nusu ya kifuniko, halafu nampa tena usiku saa 4, sivyo?" Kama umekosea, utasahihishwa palepale. Kama mhudumu ana haraka, omba kalamu uandike mwenyewe juu ya bahasha, kwa maneno ambayo hata dada wa kazi au bibi atakayebaki na mtoto ataelewa. Wale wenye simu ya kamera, piga picha ya boksi la dawa na bahasha yake kabla boksi halijatupwa. Siku mtoto akipata vipele au akitapika, picha hiyo itamwambia daktari wa zamu mengi kuliko "ile dawa ya rangi ya waridi".

Na ukiona "1x3", mrudishie kwa upole umwambie: "Samahani dada, niandikie hii kwa Kiswahili."